Taa ya kijani haimaanishi betri imejaa: dhana potofu kuhusu kuchaji betri za sola

Fundi yeyote wa sola anaijua simu ya saa mbili usiku: "Fundi, betri haikai na chaji!" Ukifika na mita unakuta betri ya volti 12, ampea-saa 100, haijamaliza hata miaka miwili, inasoma volti 11.6 wakati hakuna kilichowashwa, yaani tupu. Mwenye mali analaumu duka. Mimi huuliza kwanza ilikuwa inachajiwaje, na mara nyingi jibu huwa hapo.

"Taa ya kijani ikiwaka, imejaa"

Hii imeua betri nyingi kuliko nyingine zote nilizokutana nazo. Betri ya sola ya risasi na tindikali hujaa kwa hatua. Kwanza inapokea mkondo mkubwa mpaka volti zifike kama 14.4, na hapo iko kwenye asilimia 80 hivi. Kisha volti zinashikiliwa palepale huku mkondo ukipungua taratibu. Asilimia 20 iliyobaki inaweza kula saa tatu, nne au zaidi. Mwisho chaja inashuka hadi 13.5 au 13.8 na kuitunza tu. Zipo chaja za bei nafuu zinazowasha kijani hatua ya kwanza inapoisha. Mtu anachomoa, jioni anawasha runinga, kesho yake anarudia. Salfati, ile chumvi inayojengeka betri inapotumika na ambayo ingeondoka kwa chaji kamili, inabaki kwenye sahani za risasi, inageuka fuwele ngumu, na betri inazidi kupoteza nguvu.

Ukitaka kujua ukweli, ondoa chaja, zima kila kitu, iache ipumzike saa kadhaa, ndipo upime. Volti 12.7 imejaa. Ukikuta 12.1 au 12.2, iko nusu.

Kwa betri zenye vizibo, mimi naamini zaidi kipima tindikali, kile kibomba cha kioo chenye mpira juu kinachoonyesha uzito wa tindikali ukilinganishwa na maji. Niliwahi kuitwa kwa kinyozi ambaye mashine yake ilikuwa inakatika katikati ya kichwa cha mteja. Mita ilisoma volti 12.47, ukiangalia haraka unasema nzima. Nikafungua vizibo, nikafyonza chumba kimoja baada ya kingine: vitano vikasoma 1.250, cha sita 1.150. Chumba kilichojaa husoma kama 1.265. Kile kimoja kilikuwa kimechoka, na wenzake watano walikuwa wanakificha.

"Betri mpya uimalize kabisa kwanza, ndiyo izoee"

Mazoea haya yametoka kwenye betri za zamani za nikeli na kadimiamu. Betri ya risasi haina cha kuzoea. Kila ukiishusha chini ya nusu unakata umri wake, na ukiiacha tupu hata siku chache, salfati inaanza kuganda. Betri mpya huenda imekaa dukani miezi ikipoteza chaji yenyewe, kwa hiyo ijaze kabisa kabla ya kuitumia.

"Volti 12 ni volti 12, chaja yoyote inafaa"

Betri ya maji, ile yenye vizibo, hutaka 14.4 hadi 14.8. Ya jeli huishia kama 14.1 hadi 14.4, ukizidisha, gesi inatengeneza viputo ndani ya jeli na havitoki tena. Ya lithiamu ina utaratibu wake kabisa. Kontrola, kile kifaa cha kati ya paneli na betri kinachosimamia chaji, nyingi zina kitufe cha kuchagua aina ya betri, na nyingi ninazokuta zimeachwa zilivyotoka kiwandani. Tafadhali, soma lebo ya betri yako ubonyeze kitufe hicho, ni kazi ya dakika moja. Mkondo nao una kiasi: betri ya maji ya ampea-saa 100 ipe ampea 10 hadi 20.

"Nimefunga paneli kubwa, lazima ijae"

Chukua paneli ya wati 250 inayofanya kazi kwa volti 30 na ampea 8, uiunge kwenye betri ya volti 12 kupitia kontrola ya PWM, aina rahisi inayounga paneli moja kwa moja na betri. Kontrola hiyo inaivuta paneli ishuke hadi volti za betri, kwa hiyo unapata ampea 8 zilezile kwa volti 13, yaani wati 104 hivi. Zaidi ya nusu ya pesa uliyonunulia paneli imebaki juu ya bati. Paneli ya namna hiyo inataka kontrola ya MPPT, aina inayogeuza volti za ziada kuwa ampea.

"Maji yakipungua, ongeza tindikali"

Hapana. Kinachopotea ni maji, tindikali inabaki ndani. Ongeza maji yaliyotoneshwa (distilled), si ya bomba wala ya kisima, maana chumvi yake inaharibu sahani. Ongeza baada ya kuchaji. Lakini ukikuta sahani ziko wazi, zifunike kidogo kwanza, chaji, halafu umalizie.

"Sakafu ya saruji hunyonya chaji"

Betri za leo zina kasha la plastiki, sakafu haizifanyi kitu. Kinachozichosha ni joto. Ukiwa Tanga au Mombasa, tafuta kontrola yenye kihisi joto, kwa sababu kila nyuzi 10 zinapopanda juu ya 25, volti za kuchajia zinatakiwa zishuke kama 0.2 hadi 0.3. Halafu naomba uitoe chini ya kitanda. Betri ya maji inapokaribia kujaa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche moja; iweke penye hewa, mbali na jiko na watoto.