Farasi Ameumia Mguu: Maswali ya Masaisi

Masika yakianza na udongo mweusi wa Karen na Lang'ata, hapa Nairobi, ukageuka matope, simu yangu haitulii. Wengi wanaopiga ni masaisi, yaani watunza farasi, maana wao ndio wanaolala karibu na banda, na wao ndio hulaumiwa mguu usipopona. Haya ndiyo wanayoniuliza.

Daktari, jana alikuwa mzima, leo hakanyagi kabisa. Amevunjika?

Huenda, lakini mara nyingi sivyo. Anayechechemea ghafla msimu wa mvua mara nyingi ana jipu ndani ya kwato. Tope hulainisha kwato, kijiwe kinapenya, usaha unajikusanya na hauna pa kutokea kwa kuwa ukuta wa kwato hautanuki. Ishike uilinganishe na ya pili. Je, ina moto zaidi? Gusa mshipa ulio nyuma ya kifundo; je, unapiga kwa nguvu? Basi pengine ni jipu. Likifunguliwa vizuri, wengi hukanyaga tena baada ya siku moja au mbili.

Ukikuta mguu umepinda pasipo na kiungo, au unaning'inia, usimsogeze hata hatua moja. Subiri daktari hapo hapo. Na ukikuta msumari umezama katika kwato, usikimbilie kuung'oa. Daktari anataka kuona kwa eksirei umefika wapi. Ung'oe tu kama hakuna njia ya kuzuia usizidi kuzama.

Ana kidonda cha waya. Jirani anasema nipake oili chafu ya gari.

Mwambie jirani abaki nayo. Osha kwa maji safi mengi, au maji yaliyochemshwa yakapoa, lita moja kwa gramu 9 hivi za chumvi, yaani kijiko cha chai kimoja na nusu. Kisha funika kwa kitambaa safi. Uliza pia alichanjwa pepopunda lini, kwa sababu hakuna mnyama wa kufugwa anayeshambuliwa na ugonjwa huo kirahisi kuliko farasi.

Ukubwa wa kidonda usikudanganye. Tundu dogo karibu na kiungo, likitoa majimaji ya manjano yanayonata, linanitisha kuliko ngozi iliyochanika shibiri nzima begani. Viini vikiingia ndani ya kiungo tunahesabu saa, si siku.

Hana kidonda, ila nyuma ya mguu, chini ya goti, pamevimba.

Hapo ndipo zinapopita kano. Miguu ya mbele hubeba karibu asilimia 60 ya uzito wake, na farasi wengi wana kilo 400 hadi 500, kwa hiyo kano hizo hazina mchezo. Mwagilia maji baridi ya mpira kwa dakika 20, mara mbili au tatu kwa siku, siku mbili tatu za mwanzo. Mfungie bandani. Usimkande kwa maji moto wala kumpaka dawa zinazounguza ngozi.

Nimpe diklofenaki niliyoandikiwa mimi hospitali?

Hapana. Dawa za maumivu zinaweza kumtoboa vidonda vya tumbo na kuharibu figo. Hata fenilbutazoni, ambayo ni ya farasi, huipimi kwa macho.

Mguu ulioumia ni mmoja. Kwa nini unaniambia nifunge bandeji na ule mzima?

Swali hili ndilo ningependa kila saisi aniulize. Mguu mzima sasa unabeba mzigo wa mwenzake, mchana na usiku. Ukizidiwa, tishu zinazoushika mfupa wa mwisho ndani ya kwato huachia, na mfupa ukaanza kuzama. Tunaiita laminaitisi.

Barbaro, farasi aliyeshinda mbio za Kentucky Derby mwaka 2006, alivunjika mguu wa nyuma wa kulia wiki mbili baadaye katika mbio za Preakness kule Marekani. Madaktari waliunga mifupa kwa bamba na skrubu. Laminaitisi ikaja mguu wa kushoto, ule uliokuwa mzima, na baadaye kwato za mbele. Januari 2007 ilibidi adungwe sindano ya mwisho.

Kwa hiyo weka pamba nene chini ya bandeji, miguu yote miwili, kaza sawasawa kutoka juu hadi chini, na ifungue kila siku utazame ngozi. Mkunjo mmoja unaweza kuumiza kano nzuri. Mwaga maranda mengi sakafuni ili alale kwa raha. Farasi husinzia amesimama, lakini usingizi mzito anaupata akiwa amelala chini. Ukiona anabadilisha miguu kila mara, au kwato la upande mzima lina moto, nipigie hata kama ni usiku wa manane.

Chakula je?

Punguza shayiri na pumba, mpe nyasi kavu na maji. Hesabu kinyesi chake: farasi asiyetembea tumbo hufunga upesi.

Mwenye farasi anasema hachechemei tena, anataka kumpanda Jumapili.

Kutochechemea si kupona. Kano iliyochanika huungwa na kovu, na kovu hilo huchukua miezi tisa hadi kumi na miwili kupata nguvu. Daktari akisharuhusu, anza kumtembeza kwa kamba dakika 5 hadi 10, mara mbili kwa siku, mahali tambarare na pakavu. Ongeza dakika chache kila wiki, huku altrasaundi ikituonyesha kano imefikia wapi. Kukimbia na kuruka ni vya mwisho kabisa. Nimeshaona farasi aliyepandwa mapema kwa sababu watoto walikuwa likizo. Tulianza upya, na mara ya pili kano haikurudi ilivyokuwa.

Najua si rahisi saisi kumkatalia tajiri wake. Mpe namba yangu, nitamwambia mimi.