Mwarobaini wa sufuriani na mwarobaini wa maabara

Shikamoo yangu huwa haijaitikiwa sawasawa, mama jirani ameshauliza: "Mwanangu, ile dawa ya mwarobaini mmeshaipata?" Kwake, mti unaotibu maradhi arobaini lazima uwe na dawa moja kubwa iliyojificha ndani. Sisi tunaouchunguza tunajua mna kemikali zaidi ya 300, na utakachopata hutegemea umechuma nini na umekitoa kwa kitu gani.

Hicho "kitu gani" ndicho watu hukiruka. Nyumbani ni maji ya moto. Maabara mara nyingi ni methanoli, aina ya alkoholi: majani tunayaanika kivulini, maana jua huharibu baadhi ya kemikali zake, tunayasaga, tunayaloweka siku 2 au 3, tunachuja, kisha tunaivukiza methanoli kwa joto lisilozidi nyuzi 40. Kinachobaki chupani ni kitu kizito, kijani kinachokaribia weusi, kinanata kama lami.

Majuzi nilichemsha majani kama anavyochemsha mama jirani, nikadondosha tone kwenye bamba lililopakwa unga wa silika, na kando yake tone la ile dondoo nzito ya methanoli. Kimumunyisho, yaani kimiminika nilichosimamishia bamba hilo, kikapanda polepole, kikizitenganisha kemikali njiani. Chini ya taa ya urujuanimno, klorofili ya upande wa methanoli iliwaka nyekundu kama kaa. Nikanyunyiza vanilini yenye asidi ya salfuriki, ya kuzitoa rangi kemikali zisizoonekana, nikalipasha bamba moto, na madoa ya zambarau yakajitokeza moja baada ya jingine: dalili ya terpenoidi, ukoo wa zile limonoidi zinazochangia uchungu wa mwarobaini. Upande wa maji, sehemu kubwa ilibaki palepale nilipodondosha. Limonoidi nyingi haziyeyuki vizuri majini. Majani ni yale yale, lakini kikombe na chupa havina kitu kimoja.

Kwa hiyo ukisoma kwamba gedunini, mojawapo ya limonoidi hizo, inaua vimelea vya malaria, uliza imewaulia wapi. Ni kwenye sahani ya maabara, ikiwa imesafishwa na kuwekwa moja kwa moja penye chembe nyekundu za damu. Ya kunywa hupita kwanza tumboni na kwenye ini, na hata kwa panya makali yake hayakulingana na ya kwenye sahani. Mwenye malaria akapime, apewe dawa mseto.

Ushahidi mzito zaidi uko kwa wadudu. Mwaka 1968 Butterworth na Morgan, huko Uingereza, waliitenga azadirachtini, limonoidi nyingine ya mwarobaini, kutoka kwenye mbegu kwa kuangalia sehemu gani ya dondoo inawafanya nzige wa jangwani wasusie chakula. Umbo lake kamili lilithibitika mwaka 1985, na Steven Ley na wenzake wa Cambridge wakafaulu kuiunda mwaka 2007, baada ya miaka 22 ya kazi. Kwa ugumu huo, viuatilifu vyake bado hutokana na mbegu.

Mbegu hizo hizo ndizo zinazonitia hofu. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliripoti watoto wachanga waliopewa mafuta ya mwarobaini, ambayo hukamuliwa kutoka kwenye mbegu: kutapika, usingizi mzito, degedege. Mama jirani ana mjukuu wa miezi minne. Chupa ya mafuta iliyokuwa kwenye kabati lake la dawa nimemwomba aihamishie stoo, pamoja na dawa za bustani, na amekubali.