Inovesheni ni nini hasa, na kwanini zamani ilikuwa kosa

Siku hizi inovesheni iko kila mahali, kwenye mabango ya vyuo, kwenye profaili za startapu, mpaka mabenki yana kitengo chake, ila ukimuuliza mtu maana yake anakujibu "ubunifu si ndo huo" basi tumeishia hapo. Sasa sisi tunaopokea watu wanaoulizia hataza (patent, yaani haki ya kisheria ya kulinda uvumbuzi wako) tunakutana nalo kila siku, ngoja tulifungue kidogo.

Waingereza walilitoa kwenye Kilatini, innovare, yaani kufanya upya, na ndani yake kuna novus, mpya. Mpaka hapo hamna shida. Shida ni kwamba kwa muda mrefu kule Uingereza ukiitwa mleta inovesheni ujue umeshtakiwa. Mwaka 1548 mfalme Edward VI, katoto ka miaka 10 tu (mambo waliendesha wakubwa wa baraza lake), ilitoka amri kwa jina lake dhidi ya watu wanaobadilisha ibada za kanisa kwa kujiamulia, na neno lililotumika ndo hilo hilo. Halafu 1636 mhubiri mmoja Henry Burton akasimama London akawatuhumu maaskofu kwamba wao ndo wanaingiza inovesheni kanisani, na wao wakamgeuzia kibao kwamba mleta mambo mapya ni yeye, mwaka uliofuata akakatwa masikio hadharani. Masikio jamani! Leo mtu huyohuyo angepewa tuzo na ile hundi kubwa ya mfano.

Lilivyosafishika ni stori ndefu, ila aliyeliweka sawa kwenye uchumi ni Joseph Schumpeter, mzaliwa wa himaya ya Austria aliyekuja kufundisha Harvard. Yeye alisema kuvumbua kitu ni jambo moja na kukiingiza kwenye matumizi na biashara ni jambo lingine kabisa, na hiyo ya pili ndo inovesheni. Angalia M-Pesa ilivyoanza Kenya Machi 2007, laini ya simu ilikuwepo, meseji zilikuwepo tangu 1992, mawakala wa vocha walikuwepo, na watu walishakuwa wanatumiana salio kama hela. Kilichokuwa kipya ni kuviunganisha mpaka mama wa sokoni akatuma pesa kijijini bila kupanda basi.

Kiswahili chetu kinachanganya hapa kwasababu ubunifu tunautumia kwa msanii, kwa fundi nguo, na pia kwa inovesheni kama kwenye MAKISATU, yale mashindano ya kitaifa ya Tanzania yaliyoanza 2019. Mimi naona siyo kosa, ila ukija ofisini tutakuuliza maswali ya uvumbuzi, yaani kitu ni kipya duniani, siyo kipya mtaani kwenu, kina hatua ambayo fundi mzoefu asingeifikia kirahisi tu, na kinaweza kutengenezwa au kutumika viwandani. Mtu anaweza akawa na biashara ya kibunifu sana, inaingiza hela, na hataza asipate. Wala siyo kwamba tumemdharau, huyo pengine anahitaji alama ya biashara, yaani kulinda jina au nembo yake.

Na kama ni uvumbuzi kweli, peleka maombi ya hataza kabla ya kwenda kuuanika kwenye maonesho au kuurekodi video ukarusha mtandaoni, maana ukishaonekana na watu swali la upya linakuwa gumu kwako mwenyewe.