Nyumba ya Karen Blixen: anzia shambani, malizia Ngong

Wageni wengi wanaofika Makumbusho ya Karen Blixen, nyumba ya Nairobi alimoishi mwandishi huyo wa Denmark alipokuwa akilima kahawa, huingia moja kwa moja sebuleni, wakaangalia kitanda na rafu za vitabu, wakapiga picha barazani na kuondoka. Mimi kazi yangu ni majengo ya kale, kukagua kuta, mapaa na mbao, kwa hiyo jamaa na marafiki wakija Nairobi huniomba niwatembeze. Tukifika pale huwa siwaachi waingie ndani mara moja. Nawazungusha kwanza uwanjani hadi ilipo mitambo ya kahawa, kwa sababu nyumba hii ilikuwa makao makuu ya shamba, na asiyelijua shamba hawezi kuielewa nyumba.

Shamba lenyewe lilikuwa la ekari 4,500 hivi, kahawa ikichukua kama 600. Kahawa ikishamenywa na kuoshwa lazima ikaushwe upesi kabla haijaharibika, na hiyo ndiyo kazi ya lile pipa kubwa la chuma lililolala: linazungushwa huku hewa ya moto ikipita ndani. Lisogelee, ulitazame vizuri. Fedha zote zilizolipia mbao na vitabu utakavyoviona ndani zilitegemewa kutoka kwenye mashine kama hii, nazo hazikutosha kamwe. Mwaka 1923 kiwanda cha kahawa kiliteketea kwa moto, lakini hata kisingeungua, tatizo kubwa lilikuwa ardhi. Mahali hapa ni juu mno kwa kahawa, baridi ni kali, na mvua haiaminiki.

Na waliofanya kazi? Familia nyingi za Wakikuyu ziliishi humo humo shambani, kwenye ardhi ambayo sasa iliitwa ya mzungu. Sheria ya kikoloni ya 1918 iliwataka watu wa namna hiyo wamfanyie mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka ndipo waruhusiwe kukaa na kulima. Shamba lilipouzwa mwaka 1931, familia hizo zilitakiwa ziondoke. Blixen alihangaika kwenye ofisi za serikali akiomba wahamishwe pamoja badala ya kutawanywa, na mwishowe wakapewa sehemu katika msitu wa Dagoretti. Kwangu hiyo ndiyo habari kubwa kuliko zote za nyumba hii, na naisimulia tukiwa bado nje.

Sasa ingieni. Nyumba ilijengwa mwaka 1912 na mhandisi kutoka Uswidi, Åke Sjögren. Karen Blixen na mumewe Bror walihamia mwaka 1917. Ni nyumba ya chini isiyo na ghorofa, yenye paa la vigae na baraza pana, na kuta zake ni za mawe ya kijivu yaliyochongwa kwa mkono. Kabla ya kupita mlangoni, sogea karibu na ukuta uone alama za patasi; kila jiwe lina mapigo yake, na hakuna mawili yanayofanana. Tazama pia viungo kati ya mawe. Nyumba za umri huu nyingi zilijengwa kwa chokaa, ambayo huacha unyevu utoke. Fundi wa siku hizi akija kuziba nyufa kwa saruji ngumu, unyevu hukosa njia, na baada ya miaka jiwe lenyewe ndilo huanza kubanduka. Nimeona nyumba nzuri za zamani katika mji huu zikiharibika hivyo, na huniuma, maana aliyeziba alidhani anaokoa.

Ndani, mwulize mwongozaji ni vyombo vipi vilikuwa vya Blixen hasa na vipi vililetwa baadaye. Filamu maarufu kuhusu maisha yake ilipotengenezwa mwaka 1985, baadhi ya vitu vilivyotumika viliishia hapa. Kisha usiipite jikoni haraka. Jiko limejengwa mbali na nyumba kubwa, kwa hofu ya moto na moshi. Hapa ndipo alipofanya kazi Kamante Gatura, aliyekuja kwanza akiwa mtoto mwenye vidonda miguuni, akatibiwa, kisha akawa mpishi hodari. Nyumba yenyewe ilinunuliwa na serikali ya Denmark ikapewa Kenya kama zawadi ya uhuru, ikawa sehemu ya chuo cha lishe, na mwaka 1986 ikafunguliwa kama makumbusho.

Ukiwa na watoto, Kituo cha Twiga kiko Lang'ata, si mbali, watafurahi. Mimi hupenda zaidi msitu wa Oloolua, huko huko mtaa wa Karen ilipo nyumba: njia ya miguu chini ya miti ya asili, mianzi, mto Mbagathi, maporomoko madogo na pango ambalo husimuliwa kwamba wapiganaji wa Mau Mau walijificha humo.

Lakini usirudi mjini bila kupanda vilima vya Ngong. Ukiwa kwenye nyasi za ile nyumba unaviona vimekaa magharibi, na kilele chake kirefu, Lamwia, kina mita 2,460. Ukifika juu, upande mmoja ni Nairobi, na ukigeuka, ardhi inaporomoka kuelekea Bonde la Ufa. Upepo wa huko ndio unaozungusha mitambo ya umeme iliyopangwa kwenye ukingo. Simama dakika chache bila sweta, utaelewa kwa nini miti ya kahawa ya kule chini ilisumbuka. Kaburi la Denys Finch Hatton, mpenzi wa Blixen, aliyekufa kwenye ajali ya ndege karibu na Voi mwaka 1931, liko mteremko wa mashariki, nje ya njia ya kawaida ya kupanda, kwa hiyo lipangie safari yake.

Matatu namba 24 inapita Karen karibu na makumbusho, na 111 inakwenda Ngong. Pale lango la msitu wa vilima vya Ngong lipa kiingilio, na kama unataka kuvuka vilima vyote hadi Kona Baridi, chukua askari wa misitu mwende naye, hasa mkiwa wachache. Mwezi Julai ukungu huchelewa kuondoka. Ukiamka ukakuta vilima havionekani, anza na Oloolua, nenda kwenye nyumba kabla ya chakula cha mchana, kisha panda Ngong saa saba ili uwe umeshuka kabla ya saa kumi na moja jioni.