Sosi ya giligilani na kitunguu saumu: limau litangulie, mafuta yaje mwisho

Baridi ya Juni ikishaingia Mbeya, giligilani pale sokoni Mwanjelwa inakuwa na majani mapana, mororo. Mmea huu ukipigwa na joto unakimbilia kutoa maua, majani yanabaki kama nyuzi. Kwenye baridi unatulia. Ndiyo maana sosi hii naipenda msimu huu kuliko mwingine wowote.

Kazi yangu ni usindikaji wa vyakula, na lalamiko ninalolisikia sana kwa kina mama wa vikundi ni hili: "Dada, sosi yangu inachoma ulimi mpaka machozi, na vitunguu saumu nimepunguza." Wingi si tatizo. Chukua punje nzima uliyoimenya, inuse: karibu haina harufu. Ukiiponda, kimeng'enya kilichokuwa kimejitenga ndani yake kinakutana na kemikali inayokisubiri, na papo hapo inazaliwa alisini, ambayo ndiyo inayochoma. Tindikali inakizuia kimeng'enya hicho kufanya kazi. Ila iwahi. Alisini ikishatoka, hata ukamue malimau kumi haitarudi ndani.

Kwa hiyo limau linatangulia kinuni. Kamua mawili, tia chumvi kijiko kimoja cha chai, ndipo uweke punje sita za kitunguu saumu na kuziponda humo humo kwenye maji ya limau. Kama kitunguu ni cha zamani, pasua kila punje utoe kile kichipukizi cha kijani katikati, kina uchungu. Acha dakika kumi. Ukiona rangi inageuka kijani-buluu usishtuke wala usimwage, kitunguu saumu hufanya hivyo kikikutana na tindikali na hakina madhara.

Giligilani mafungu mawili, osha maji matatu (mchanga wa bustani za bondeni una ubishi), kisha ikung'ute na kuitandaza kwenye kitambaa mpaka ikauke. Mabua laini usiyatupe, yana ladha kuliko majani. Katakata, ponda, ongeza pilipili mbuzi moja ukipenda. Mwisho kabisa mimina mafuta ya alizeti, nusu kikombe, kidogo kidogo huku ukikoroga. Blenda nayo inafaa, lakini mimi naona inaipasha moto sosi na kuifanya povu. Mchi unatosha.

Sasa hayo mafuta. Miaka ya mwanzo nilijaza punje mbichi kwenye chupa ya mafuta, nikaipanga dirishani jikoni kama pambo, na wageni wakaisifu. Leo nikikumbuka nasisimka. Kitunguu saumu hukua udongoni, na udongoni kuna mbegu za bakteria wa botulizimu. Bakteria huyu hapendi hewa. Ukimzamisha kwenye mafuta, mahali pasipo tindikali wala ubaridi, umemjengea nyumba. Sumu yake inapooza misuli hata ya kupumulia, na chupa inaweza isinuke wala isibadilike rangi.

Huwa naambiwa, "Mimi chupa naichemsha." Mbegu zile zinahitaji nyuzi 121 ili zife, joto la mtungi wa mvuke wenye mgandamizo. Na sisi tuko juu, kama mita 1,700 toka usawa wa bahari, maji yetu yanatokota kwenye nyuzi 94 hivi. Sufuria ya Mbeya haiwezi kazi hiyo.

Limau kwenye sosi linasaidia, ila kiasi cha jikoni hakipimwi, hivyo usilitegemee peke yake. Ikae kwenye friji, iliwe ndani ya siku nne. Umeme ukikatika kwa zaidi ya saa nne, mwaga. Nikitengeneza nyingi najaza vile vitrei vya barafu na kugandisha. Kipande kimoja kikitupwa kwenye viazi vya moto vya Uyole, vilivyochemshwa na maganda yake, kinayeyuka chenyewe na nyumba nzima inajua.