Si joto, ni tofauti ya joto

Hapa Nairobi, mtu aweza kudhani kwamba ukibandika kibamba cha kuzalisha umeme kwenye bomba la moshi la matatu au ubavuni mwa jiko la makaa, joto likizidi umeme nao huzidi. Sivyo. Umeme hutokana na tofauti ya joto kati ya nyuso mbili za kibamba, athari aliyoigundua mwanafizikia Mjerumani Thomas Seebeck mwaka 1821.

Kibamba ni chembamba, milimita chache tu. Joto hupenya upesi, upande wa baridi ukapata moto, umeme ukafifia. Kazi ngumu hasa ni kupoza! Hewa hubeba joto polepole mno. Sufuria ya maji kwenye upande huo wa baridi husaidia zaidi, kwani Nairobi, kwa mwinuko wake, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi na hayapandi tena. Hata hapo, kwa kawaida kinachogeuka umeme hakifiki sehemu moja ya kumi ya joto lote.