Miji yetu haikushuka jahazini

Juzi nilikuwa Kilwa Kisiwani na mgeni. Tukasimama ndani ya Msikiti Mkuu, akauliza: "Waarabu waliujenga lini?" Nani kaujenga hakuuliza, hilo alikuwa nalo tangu hajapanda mashua. Nimechoka nalo, hasa likitoka kwa watu wa pwani ambao huenda mababu zao ndio waliochoma chokaa ile.

Twende chini, kwenye tabaka za udongo tunazochimba sisi wanaakiolojia. Mji wa kale wa Shanga, kisiwani Pate, alikochimba mwanaakiolojia Mark Horton miaka ya 1980, makazi ya mwanzo ya karne ya 8 hayana jumba la mawe. Kuna mashimo ya nguzo, sakafu za udongo, na vigae vya vyungu vya michoro ya pembetatu, aina ileile inayookotwa hata bara. Chini ya msikiti wa mawe kuna misikiti ya miti, mmoja juu ya mwingine. Mawe yalikuja baadaye, palepale.

Vigae vya kigeni vipo, na ndivyo vinavyowekwa kwenye kabati za makumbusho kwa kuwa vinang'aa. Tukishaosha na kuhesabu, kwa kawaida havifiki 5 katika 100. Vinatusaidia sana kukadiria tarehe. Aliyekuwa jikoni havimtaji.

Sasa hii DNA. Tangu utafiti wa 2023, kila mjadala naletewa hiyo. Ulipima mabaki ya watu 80 waliozikwa kati ya 1250 na 1800. Kwa wengi wa miji ya pwani, zaidi ya nusu ya nasaba ni ya Kiafrika, hasa kwa kina mama. Kwa kina baba, sehemu kubwa ni Uajemi. Kuchanganyika huko kulianza kama mwaka 1000. "Si unaona? Waajemi!" Hapana. Mwaka 1000 Shanga ilishatimiza karne mbili na ushei. Tena mifupa mingi ilitoka makaburi ya wenye hadhi. Mvuvi na mkulima wa mtama ni kama hawamo. Na mtoto wa baba Muajemi aliyelelewa na mama wa hapa, akasema lugha ya mama, tumwite mgeni kwao? Kiswahili ni Kibantu, ndugu wa damu wa Kimijikenda, Kipokomo na Kikomori.

Lawama nyingine ni yetu. Kwa miongo mingi wanaakiolojia tulifuata misikiti na majumba, nyumba za udongo tukazikanyaga kwa kuwa hazionekani. Hata tarehe zetu zina mashaka: tunapima umri kwa mkaa, na mkaa wa boriti kuukuu hutoa umri mkubwa kuliko moto wenyewe, kwa hiyo nikiandika "karne ya 8", niruhusu miongo kadhaa huku au huku.

Songo Mnara, kisiwa jirani na Kilwa, vipimo vya sumaku vya ardhini vilionyesha dalili kwenye uwanja uliodhaniwa mtupu. Watafiti walipochimba, wakakuta nyumba za udongo, ndani kabisa ya mji wa mawe. Safari ijayo, mgeni wangu nitaanza kumpeleka pale.